Chipu za Kuongeza Nguvu ya Gari: Zinauzika, Lakini Usiziuze

Leo tuongee kuhusu bidhaa inayozunguka sana kwenye kurasa za vifaa vya magari: zile chipu ndogo za "kuongeza nguvu ya injini".

Ukiiangalia kwa macho ya muuzaji mdogo, hii ni bidhaa ya ndoto. Bei ya jumla iko chini. Ni nyepesi kusafirisha, haivunjiki njiani, haiozi, haina saizi wala rangi za kukusumbua. Na mteja wake ana hamu. Kijana mwenye Altezza, Celica au Impreza ya zamani anataka gari lake lirudi kuwa moto kama lilivyokuwa jipya. Ukimwambia kuna kitu cha elfu ishirini na tano kinachoongeza nguvu asilimia 35, anatuma hela kabla hujamaliza kuandika.

Msimamo wangu ni huu: usiiuze. Na sisemi hivyo ili kukuhubiria. Nitakupa sababu kwa hesabu na kwa jinsi injini inavyofanya kazi, ili hata mteja akikubishia uwe na la kumjibu.

VITU VITATU, JINA MOJA

Kwanza ujue unauza nini. Sokoni kuna vitu vitatu tofauti vinavyoitwa chipu, na wauzaji wengi wanavichanganya.

1. Rezista. Ni ile yenye waya mbili, mara nyingi imefunikwa kwa plastiki nyeusi, ndiyo ya bei ya chini kabisa. Inaungwa kwenye kihisi cha joto la hewa inayoingia kwenye injini, kile mafundi wanachokiita sensa ya hewa. Kihisi hicho kinafanya kazi kwa ukinzani wa umeme: hewa ikiwa baridi ukinzani unapanda, ikiwa ya moto unashuka. Kazi ya rezista ni kudanganya tu. Nje kuna joto la nyuzi 35, lakini kompyuta ya gari inaambiwa hewa ni baridi kama asubuhi ya Njombe mwezi wa saba.

2. Kidude cha OBD2. Hiki kinachomekwa kwenye ile soketi ya chini ya usukani ambako fundi anachomeka mashine ya kupimia gari. Kina vitaa vinavyowaka na kitufe kimoja. Maelezo yake yanasema kitajifunza unavyoendesha, kisha kitaipanga injini upya. Mwaka 2017 wataalamu wa usalama wa kompyuta wa kampuni ya Quarkslab ya Ufaransa walikifungua kimoja kinachoitwa Nitro OBD2. Walifuatilia mawasiliano ndani ya gari kabla na baada ya kukichomeka, wakaangalia saketi yake, mpaka chipu yenyewe wakaifungua. Hakikutuma ujumbe wowote kwenye gari. Sehemu ya kuongelea na kompyuta ya gari haikuwemo kabisa. Kilichofanya kazi ni vitaa.

3. Chipu halisi. Hii ipo kweli, na ndiyo iliyowapa jina wale wawili wa kwanza. Magari mengi ya miaka ya 80 na mwanzoni mwa miaka ya 90 yalikuwa na programu ya injini ndani ya chipu ya kumbukumbu inayoweza kutolewa. Wataalamu walikuwa wanaandika programu mpya na kuweka chipu nyingine. Kwa magari ya baadaye kazi hiyo inafanywa kwa kompyuta mpakato, bila kutoa chipu. Njia hii inaweza kuongeza nguvu ya maana, hasa kwa gari lenye turbo, kwa sababu kompyuta ikiruhusu turbo isukume hewa zaidi, nguvu inapanda. Kwa injini isiyo na turbo ongezeko huwa dogo. Na kazi hiyo inafanywa kwa injini maalumu, kompyuta maalumu na aina maalumu ya petroli. Hakuna moja inayoenea magari yote kama kofia.

Ujanja wa matangazo unaanzia hapa: sifa za namba 3 zinatumika kuuzia namba 1 na namba 2.

NGUVU INATOKA WAPI?

Petroli haiungui bila hewa. Kwa kila kilo 1 ya petroli injini inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa hiyo anayetaka nguvu kubwa zaidi kazi yake ya kwanza ni kuingiza hewa nyingi zaidi kwenye silinda. Ndiyo maana watu wanaweka turbo, wanaongeza ukubwa wa injini, au wanatengeneza injini inayozunguka kasi zaidi.

Hewa baridi ya kweli inasaidia. Hewa ya nyuzi 0 ni nzito kwa takriban asilimia 13 kuliko hewa ya nyuzi 35. Lakini rezista haileti hewa baridi, inaleta habari za hewa baridi. Kompyuta inaziamini, inaongeza petroli kwa ajili ya hewa ambayo haipo.

Kinachofuata kinategemea unavyoendesha. Ukienda mwendo wa kawaida, kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi kinaona petroli imezidi, kompyuta inapunguza, umerudi pale pale ulipoanzia. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, injini tayari inapewa petroli ya ziada tangu kiwandani. Ukiongeza juu yake unapunguza nguvu badala ya kuiongeza. Plagi zinashika masizi, na petroli isiyoungua inakwenda kuunguzia kwenye masega ya ekzosi na kuyaua. Kwenye baadhi ya magari, kompyuta ikiamini hewa ni baridi inawahisha pia cheche ya plagi. Injini iliyochoka, petroli ya wasiwasi na cheche iliyowahi: hapo injini inaweza kuanza kugonga, na injini inayogonga haina maisha marefu.

Kwa hiyo kidude cha OBD2 chenye vitaa tu kina afadhali yake, maana hakifanyi kitu. Rezista ndiyo inayoweza kumletea mteja wako bili ya fundi.

HESABU YA ASILIMIA 35

Sasa tuchukue gari ambalo wateja wako wanalijua: Toyota Altezza, iliyotoka mwaka 1998.

AS200 ina injini ya silinda 6, cc 2,000, yenye nguvu farasi 160. RS200 ya gia za kawaida ina cc 2,000 pia, ila ni injini nyingine kabisa, ya silinda 4, ambayo Toyota iliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha. Hiyo ina 210.

Chukua AS200, weka asilimia 35 ya kwenye tangazo. Asilimia 35 ya 160 ni 56. Jumla 216. Yaani chipu ya elfu ishirini na tano imeifanya AS200 iipite RS200! Kazi yote ya wahandisi wa kampuni mbili imezidiwa na waya mbili na kipande cha plastiki. Hapo huhitaji kuwa fundi, hesabu ya darasa la saba inatosha.

Mfano mwingine. Mazda MX-5 ilipotoka mwaka 1989 ilikuwa na injini ya cc 1,597, nguvu farasi kama 115. Baadaye Mazda ilipotaka iwe na nguvu zaidi, iliweka injini ya cc 1,839, ikafika kama 130. Angalia vizuri: imeongeza cc 242 nzima, ikapata nguvu farasi 15 hivi.

Hata gari lenye turbo, ambalo ndilo rahisi kuongezwa nguvu, kiwanda hakikuchukulia mzaha. Porsche 944 Turbo ilianza na nguvu farasi 220. Mwaka 1988 likaja toleo la Turbo S lenye 250. Kwa hizo 30 Porsche iliweka turbo kubwa zaidi, ikaimarisha klachi na breki. Kama kungekuwa na njia ya mkato ya bei ya chakula cha mchana, viwanda vinavyoshindana kufa na kupona vingeshaiweka zamani.

MBONA WAPO WANAOSIFIA?

Hili swali utaulizwa, na ni swali la haki. Chini ya matangazo kuna watu wanaandika "nimefunga, gari inapaa". Si wote ni waongo. Kuna sababu kadhaa.

Ya kwanza, mtu aliyetoa hela anakanyaga mafuta kwa nguvu zaidi ili aone kilichobadilika. Gari linakwenda, anaridhika.

Ya pili, maelekezo ya bidhaa hizi mara nyingi yanasema chomoa betri kwanza. Betri ikichomolewa, kompyuta ya gari inapoteza mambo iliyojifunza na kuanza upya. Kwa siku chache gari linaweza kuonekana tofauti, chipu iwepo au isiwepo.

Ya tatu, wengi wanafunga chipu siku ile ile waliyobadilisha oili na plagi. Sifa zote inapewa chipu.

Ya nne, maelekezo yanasema subiri kilomita 200 chipu "ijifunze". Mpaka mteja azimalize, muda wa kurudisha bidhaa umekwisha, na mwingine anaona aibu kukubali kwamba amepigwa.

Kupima kwa haki kunafanywa kwenye mashine maalumu ambayo magurudumu ya gari yanazungukia juu yake, nguvu inasomwa kwa namba. Gari lile lile, siku ile ile, petroli ile ile, kabla na baada, zaidi ya mara moja. Ukiona tangazo halina namba za namna hiyo za gari linalojulikana, hilo ni tangazo la maneno.

Na kwa zile zinazoahidi pia kupunguza ulaji wa mafuta: shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta. Ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote, na vingine viliweza kuharibu injini.

"LAKINI MIMI NI MUUZAJI TU, MTEJA KATAKA MWENYEWE"

Mteja hakutaka rezista. Mteja alitaka nguvu. Rezista umemletea wewe, na maneno ya asilimia 35 umeyaweka wewe kwenye ukurasa wako, hata kama uliyanakili kwa muuzaji wa jumla.

Kisheria hapo hauko salama. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mteja katika biashara. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, inayokataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa.

Lakini tuweke sheria pembeni, tupige hesabu ya duka. Tuseme umenunua chipu kwa 8,000, umeuza 25,000. Faida 17,000, kabla ya bando na bodaboda. Sasa huyo mwenye Altezza ananunua nini kwa mwaka? Plagi, oili, filta, breki padi, taa, bushi. Tuseme anarudi kwako mara 4 tu kwa mwaka, na kila akirudi unapata faida ya 10,000. Kwa mwaka ni 40,000. Kwa miaka miwili ni 80,000. Ukimuuzia chipu isiyofanya kazi, umechukua 17,000 na kuitupa 80,000. Na hapo sijahesabu kundi lake la WhatsApp la wenye magari kama lake, ambako jina la ukurasa wako litatajwa siku hiyo hiyo.

Muuzaji wa mtandaoni hana fremu ambayo mteja ataipita kila siku akaizoea. Mtaji wake mkubwa ni mtu kutuma hela kwa mtu ambaye hajamwona. Huo mtaji ukishaliwa, hakuna mkopo wa kuurudisha.

"NISIPOUZA MIMI ATAUZA MWINGINE"

Ni kweli, atauza. Mwache. Wateja wake wakishachoka watatafuta mtu aliyewaambia ukweli mapema. Posti inayoeleza kwa nini huuzi chipu itakujengea jina kuliko posti kumi za "mzigo mpya umeingia". Watu wanahifadhi na kumtumia rafiki ambaye alikuwa karibu kununua.

NIMESHANUNUA MZIGO, NIFANYEJE?

Hapa najua panauma. Vipande 20 kwa 8,000 ni 160,000, na kwa mtaji wa wengi wetu hiyo si hela ya mchezo.

Anza kwa muuzaji wa jumla. Omba kurudisha au kubadilishana na bidhaa nyingine, hata kama atakukata kidogo. Wengi wanakubali kubadilisha kuliko kurudisha hela.

Asipokubali, usishushe bei ili "imalizike". Kuuza kitu kisichofanya kazi kwa nusu bei bado ni kuuza kitu kisichofanya kazi. Wala usimsukumie mfanyabiashara mdogo mwenzako asiyejua. Hapo hasara hujaiondoa, umeihamishia kwa mtu anayehangaika kama wewe.

Jipime hivi: chukua tangazo lako, futa maneno yote yanayoahidi nguvu na kuokoa mafuta. Acha picha, bei na maelezo ya kilichomo. "Rezista moja yenye waya mbili, 25,000." Kuna mtu atanunua? Kama hakuna, ujue ulikuwa unauza ahadi. Bora uandike hasara ya 160,000 kwenye daftari lako ukaendelea na biashara.

SASA MWENYE GARI LA ZAMANI UMUUZIE NINI?

Hapa ndipo penye hela halali. Gari lenye miaka 20 au zaidi mara nyingi limeshapoteza sehemu ya nguvu liliyotoka nayo kiwandani. Mteja akikwambia "gari limekuwa zito", anakueleza dalili. Muuzie kinachorudisha kilichopotea:

- Plagi sahihi za injini yake. Zikichoka, cheche inadhoofika na gari linakosa.
- Koili, hasa silinda moja ikiwa haichomi vizuri.
- Filta ya hewa na filta ya mafuta.
- Dawa maalumu ya kusafishia kihisi cha hewa, yenye maelezo kwamba ni ya kihisi hicho.
- Kihisi cha oksijeni, fundi akithibitisha kimekufa.
- Oili ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.
- Kifaa cha kusomea makosa ya gari kwa simu. Hapa uwe makini: magari mengi ya miaka ya 90 yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana soketi yenye umbo lile lile lakini hayasomeki kwa kifaa cha kawaida cha OBD2. Uliza modeli na mwaka kabla hujapokea hela.

Hata hizi usizipe sifa zisizo zake. Plagi mpya hazifanyi gari liwe na nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani. Zinarudisha ile iliyopotea kama za zamani zilikuwa zimekufa. Sema hivyo hivyo. Mteja anaelewa.

Akikuuliza chipu inboksi, unaweza kumjibu hivi:

"Kaka, hizo siuzi kwa sababu haziongezi nguvu, na ile ya rezista inaweza kukuharibia masega. Gari lako ni modeli gani na la mwaka gani? Limekuwa zito tangu lini? Plagi umebadilisha lini mara ya mwisho? Kama una turbo na unataka nguvu kweli, tafuta fundi anayepanga kompyuta ya gari na mwenye mashine ya kupimia nguvu, akupe namba za kabla na baada. Kama gari limechoka tu, tuanze na plagi na filta."

Huenda asinunue siku hiyo. Lakini amepata mtu wa kumuuliza, na siku plagi zikifa anajua pa kwenda.

KABLA HUJAPOSTI KIFAA CHOCHOTE CHA GARI

Jiulize maswali matatu:

1. Ninaweza kumweleza mteja kwa sentensi mbili jinsi kinavyofanya kazi, bila kusoma maneno ya kwenye boksi?
2. Kuna namna mteja au fundi wake anaweza kupima kama kimefanya kazi?
3. Kisipofanya kazi, nitarudisha hela bila kugombana?

Ukijibu hapana hata kwa moja, usiposti kwanza. Kauliza kwa fundi unayemwamini, au nunua kimoja ukapime mwenyewe kabla ya kuagiza 20.

Wazee walisema rahisi ghali, na walikuwa wanamwambia mnunuzi. Kwa bidhaa hii ya chipu, muuzaji naye anahusika: faida imekuja kirahisi, gharama inafuata nyuma kwa jina la duka lako.

Wewe kwenye ukurasa wako kuna bidhaa gani ambayo ukiifuta ahadi haibaki na kitu? Andika kwenye maoni tuijadili. Na kama una mwenzako anayeuza vifaa vya magari, mtumie hii kabla hajaagiza mzigo.